Viti Sita vya Ziada

Kamati imeniuliza tena baada ya ibada ya pili:
"Wageni mia mbili na arobaini,
viti mia mbili na arobaini na sita.
Hivi sita ni vya nani?"
Mweka hazina, Bwana Kihwele, kavipigia mstari kwa kalamu nyekundu.
Nimekunywa chai yangu. Sijajibu.

Mafinga haina haraka ya kukujua.
Ukungu unashuka kutoka kwenye misonobari,
mashine za mbao zinaunguruma kabla ya jogoo,
na kila mtu kavaa kofia ya sufu, humjui nani ni nani.
Mimi nilishuka stendi mwezi wa saba
na ndala, na shangazi kaja lililojaa mchele wa Kyela,
namfuata mume, karani wa kiwanda cha mbao.
Wiki tatu nzima aliyenisemesha ni muuza mkaa,
naye alikuwa anadai.

Kisha jirani akafiwa.
Msibani hakuna kadi ya mwaliko.
Nikaingia uani, nikakuta viti vimerundikwa,
nikaanza kuvipanga mstari kwa mstari,
kwa kuwa mikono ilikufa ganzi
na sikujua ni nani wa kumpa pole.
Mama Ng'umbi akanitazama, akanitazama.
"Wewe! Hapo wazee watapigwa na moshi. Geuza."
Ndivyo nilivyoajiriwa.

Leo nina viti mia tatu
(vinane vimepasuka, nimevishona kwa waya),
mahema manne, jenereta lenye kiburi,
na vitambaa vya kila rangi ambayo bibi harusi
aliwahi kuikataa zikiwa zimebaki siku mbili.
Najua mshereheshaji yupi hulewa kabla ya maakuli.
Najua keki ikitoka Iringa mjini hufika imeinama kama inasali.
Najua mjomba asiyechanga ndiye hulalamikia nyama.
Mvua ya Aprili haisomi ratiba,
nami siku hizi ratiba naiandika kwa penseli.

Alhamisi, sokoni, nimemwona mwalimu mpya,
kahamishwa kutoka Mikindani, anaitwa Somoe,
kajitanda khanga juu ya koti la kiume,
anauliza bei ya nazi.
Muuza viazi akacheka mpaka akakaa.
Nikamwambia, "Jumamosi kuna ubarikio kwa Luvanda. Njoo."
"Luvanda simjui."
"Naye hakujui. Mmelingana."

Meza yangu huiweka karibu na jiko,
siyo mlangoni: mlangoni kuna upepo,
na mgeni akikaa mlangoni huondoka.
Wala siwakusanyi wageni watupu kama mizigo iliyosahaulika.
Katikati namkalisha mchokozi mmoja,
Mama Ng'umbi, sasa hana meno lakini ulimi anao.
Waliosema siku ya tatu mgeni apewe jembe
walikuwa wapole. Mimi saa ya kwanza nampa upawa.

Somoe akapakua wali.
Ulanzi ulipopita akatikisa kichwa, akaletewa togwa.
Akajaribu "Kamwene" kwa mwanamke wa kwanza kwenye foleni,
sauti ndogo, kama anayepima kina cha maji kwa kidole cha mguu.
Foleni nzima ikaitikia.
Upawa ukamponyoka.
Mama Ng'umbi akasema, "Mwageni, mwageni, ardhi nayo ile,"
na yule mtoto akacheka kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu Masasi.

Usiku tunakunja mahema, vidole havikunji.
Bwana Kihwele kaja na daftari lake:
"Nimehesabu. Watano walikaa. Kimoja kimebaki kitupu
tangu saa nane. Sasa hicho nacho?"

Nimekifuta umande kwa kona ya khanga.
Nimemwambia avipakie vingine vyote kwenye gari,
hiki akiache hapahapa, karibu na makaa.
Basi la Songea limechelewa, halijapita bado.